Maggie Walker: mutoto wa mama mufuaji aliyefungua banki ya wamama

Ukipita soko ya Kadutu siku ya posho mangaribi, saa wamama wanaanza kufunika vitu vyao, utaona kikundi wameketi kwa duara. Mumoja iko na daftari, mwingine iko na mufuko. Kila mama anatosha franga zake, wanahesabu mbele ya wote, na feza yote inaenda kwa mama mumoja. Juma inayokuja ni zamu ya mwingine. Hiyo njo likelemba, na hapa kwetu hakuna mutu asiyeijua.

Lakini uliza wale wamama kama wanaweka feza banki. Wengi watacheka tu. Wazee wanakumbuka mwaka 1993, wakati Leta ilileta zaïre mupya na kusema zaïre za zamani milioni tatu ni sawa na moja. Mutu aliyechunga feza miaka mingi alijikuta na karatasi tu. Mama yangu muzazi naye alipoteza akiba yake katika koperative moja, mimi nikiwa ningali segondari. Asubuhi moja alifika, akakuta mulango umefungwa na kufuli mupya. Alirudia nyumbani bila kusema neno. Mupaka leo anachunga feza yake ndani ya kitambaa.

Ni juu ya hiyo nimetaka kuwaelezea maisha ya mwanamuke mumoja wa Marekani, Maggie Lena Walker. Watu wengi wanasema kazi ya feza na roho nzuri haviwezi kukaa katika nyumba moja: ukitumika na feza ya watu, utaanza kuwala, ukiwa na huruma, utafilisika. Mama huyu alitumika na feza ya watu masikini miaka zaidi ya makumi tatu, na wakati banki elfu na elfu za inchi yake zilianguka, yake ilibaki wazi.

Kikapo ya manguo

Maggie alizaliwa Julai 1864 katika muji wa Richmond, jimbo la Virginia. Wakati ule Marekani ilikuwa ndani ya vita ya wao kwa wao, vita juu ya utumwa, na Richmond ilikuwa muji mukubwa wa upande ule uliopigana ili utumwa uendelee. Mama yake, Elizabeth Draper, alikuwa mutumwa zamani. Alitumika katika jiko ya nyumba kubwa ya mama mumoja muzungu, Elizabeth Van Lew, ambaye alichukia utumwa na alifanya kazi ya upelelezi kwa siri kwa ajili ya upande wa Kaskazini. Baba aliyemuzaa alikuwa muzungu aliyetoka Irlande, mwandishi wa magazeti. Hawakuoana.

Nyuma ya vita, Elizabeth aliolewa na William Mitchell, mutumishi wa nyumba ile, ambaye baadaye alipata kazi nzuri katika hoteli moja ya Richmond. Familia ilihamia nyumba yao ndogo, na kwa muda kidogo maisha yalikuwa sawa. Kisha, mwaka 1876, William alipotea. Walipata mwili wake ndani ya muto James. Watu wa serikali walisema alijiua. Familia yake haikukubali, waliamini kama aliuawa. Hakuna aliyefuata mambo yale mupaka mwisho. Alikuwa mutu mweusi, na wakati ule kifo cha mutu mweusi hakikusumbua biro za Richmond.

Mujane alibaki na watoto wawili na hakuna feza. Alianza kufulia wazungu manguo. Maggie, angali mutoto, njo alikuwa anabeba: alienda kuchukua manguo machafu katika nyumba za wenye mali, kisha kurudisha masafi, kikapo juu ya kichwa. Hata alipokuwa mukubwa na kujulikana, alipenda kukumbusha watu kama hakuzaliwa katika raha, alizaliwa chini ya kikapo ya manguo. Njiani aliona mambo mawili. Aliona namna wengine wanaishi. Na aliona namna mama yake, na wamama wengine wote wa kartye, walitumika toka asubuhi mupaka usiku na feza ikapita mikononi mwao sawa maji, bila mutu wa kuwasaidia kuichunga.

Mwanafunzi, mwalimu, bibi

Maggie alisoma vizuri. Mwaka 1883 alimaliza masomo katika shule ya kufundisha walimu weusi. Mwaka ule wanafunzi wa darasa lake walifanya jambo la hatari. Wanafunzi wazungu walipewa diplome zao katika teatre ya muji, na weusi walipelekwa kupewa zao kanisani. Darasa la Maggie lilikataa: wazazi wao nao wanalipa kodi, sababu gani wao wafichwe? Hawakupata teatre, lakini hawakukubali kanisa pia, na walimalizia sherehe yao ndani ya shule. Kwa vijana weusi wa Kusini, miaka chini ya makumi mbili nyuma ya utumwa, ile haikuwa jambo ndogo.

Alifundisha miaka tatu. Mwaka 1886 aliolewa na Armstead Walker, ambaye alikuwa na kazi ya matofali na kujenga pamoja na baba yake. Sheria ya wakati ule haikuruhusu mwalimu mwanamuke aliyeolewa kuendelea kufundisha, basi aliacha. Alizaa wavulana watatu. Mumoja alikufa angali mutoto muchanga. Wangechukua pia mutoto musichana na kumulea kama wao.

Angeweza kukaa hapo: bwana alikuwa na kazi, nyumba ilikuwa nzuri. Lakini toka miaka 14 alikuwa ameingia katika chama kimoja, na chama kile njo kilibadilisha maisha yake.

Chama chenye dola 31

Chama kiliitwa Independent Order of St. Luke. Tutakiita hapa Chama cha Mutakatifu Luka. Kilianzishwa Baltimore na mwanamuke mweusi, Mary Prout, na kazi yake ilikuwa rahisi kuelewa kwa mutu yeyote wa kwetu: memba wanachanga kila mwezi, mumoja akigonjwa, chama kinamusaidia, akikufa, chama kinatoa feza ya kumuzika. Makampuni ya bima ya wazungu hayakupenda watu weusi, ao yaliwalipisha zaidi. Basi watu weusi walijisaidia wenyewe kwa wenyewe.

Maggie alipita katika kazi zote za chama, toka chini mupaka juu. Alitembelea wagonjwa, alipanga mikutano, na mwaka 1895 alianzisha upande wa watoto, ili watoto nao wajifunze kuchanga na kusaidia. Mwaka 1899, katika mukutano mukubwa, kiongozi wa zamani aliacha kazi. Aliona kama chama kinakufa. Walimuchagua Maggie.

Alipofungua sanduku alikuta dola 31 na senti 61. Madeni ilikuwa dola 400. Memba walibaki kama elfu moja. Kiongozi aliyemutangulia alikuwa analipwa dola 300 kwa mwaka. Maggie alikubali kazi kwa mushahara wa karibu tatu ya moja, kama dola 100 kwa mwaka.

Mushahara ule ulisema kitu kwa memba. Mama mufuaji anayetoa senti zake anaangalia kwanza yule anayezipokea anakula nini. Maggie alijua hiyo juu alikuwa mutoto wa mama mufuaji. Alianza kuzunguka jimbo, kanisa kwa kanisa, kijiji kwa kijiji, akieleza, akiandika memba wapya, akionyesha hesabu. Na memba walianza kurudi.

Mupango wa mwaka 1901

Agosti 1901 alisimama mbele ya mukutano wa chama na kutoa mupango ambao wengi waliona ni ndoto. Alitaka vitu vine: gazeti, banki, magazini kubwa, na kiwanda cha kushona.

Fikra yake ilikuwa hivi. Watu weusi wa Richmond wanatumika, wanapata feza, ata kama ni kidogo. Feza ile inaenda wapi? Wanaiweka kwa banki ya wazungu. Banki ile inaikopesha wazungu. Wazungu wale wanajenga magazini ambamo mutu mweusi anaingia kununua lakini hawezi kupata kazi ya kuuzisha. Basi feza ya mufuaji inatumika kumufunga mufuaji mwenyewe. Maggie alisema wakusanye feza yao pamoja, waikopeshe wenyewe kwa wenyewe, na faida ibaki kwa watu wao.

Alifikiria zaidi wanawake. Mwanamuke mweusi wa Richmond alikuwa na milango tatu tu: kufua, kutumika nyumbani mwa wengine, ao kuondoa miti ya majani ya tumbako ndani ya viwanda, kazi ya mavumbi na mushahara mudogo sana. Maggie alitaka musichana aliyesoma akae kwenye meza na kalamu, ahesabu, aandike kwa mashini, auzishe nguo.

Gazeti lilitoka mwaka 1902, liliitwa St. Luke Herald. Lilisema juu ya watu weusi waliouawa bila hukumu, juu ya shule, juu ya haki ya wanawake. Nyuma ya gazeti ilikuwa zamu ya banki.

Banki ya senti

Lakini nani angeamini? Watu weusi wa Marekani walikuwa na kidonda chao, sawa chetu cha 1993. Nyuma ya vita, mwaka 1865, iliundwa banki ya akiba ya watu waliotoka utumwani, Freedman's Savings Bank. Watu waliamini ni banki ya serikali. Waliweka feza yao ya kwanza ya maisha. Wakubwa walioiongoza walikopesha feza vibaya, kwa watu wao, na mwaka 1874 ilifunga. Watu zaidi ya elfu makumi sita walibaki wakingojea akiba zao, na wengi hawakupata kitu, ao walipata kidogo tu nyuma ya miaka mingi.

Maggie alijua kama roho nzuri peke yake haiwezi kuchunga banki. Basi alifanya kitu ambacho viongozi wengi wetu hawakubali kufanya: alienda kujifunza. Aliomba ruhusa katika banki moja ya wazungu ya Richmond, na kwa miezi kazaa alienda pale saa kidogo kila siku, kuangalia namna wanapokea feza, namna wanaandika, namna wanakataa mukopo, namna wanafunga hesabu mangaribi. Alikuwa mutu wa miaka karibu makumi ine, kiongozi wa watu elfu, na aliketi kama mwanafunzi.

Tarehe 2 Novemba 1903 banki ilifunguliwa: St. Luke Penny Savings Bank. Penny ni senti moja, na jina lilisema ukweli. Mutu alikubaliwa hata akileta senti kidogo sana. Siku ya kwanza watu karibu mia tatu walifika na feza yote waliyoleta ilipita dola 9,000. Maggie alikuwa prezida wa banki. Ni yeye mwanamuke wa kwanza Marekani kuanzisha banki na kuwa prezida wake. Siyo mwanamuke mweusi wa kwanza tu. Mwanamuke wa kwanza kabisa.

Watoto walipewa visanduku vidogo vya karatasi nguvu vya kuwekea senti. Kisanduku kikijaa dola moja, mutoto anaenda kufungua konti yake mwenyewe, na jina lake linaandikwa katika kitabu. Watu wanasimulia juu ya kijana mumoja mwenye muguu moja aliyesugua viatu njiani. Maggie alimushauri aweke senti zake banki. Zilipofika dola 50, alimusaidia kupangisha chumba kidogo cha kazi, na nyuma ya miaka yule kijana akawa na mahali pake mwenyewe na nyumba ya mama yake.

Mikopo mingi ilikuwa ya nyumba. Mupaka mwaka 1920, familia 645 za watu weusi zilikuwa zimemaliza kulipa nyumba zao kwa musaada wa banki hii. Fikiria maana yake. Mutu mwenye nyumba yake hawezi kufukuzwa kesho juu amesema neno mbaya kwa muzungu. Kwa Maggie, mukopo wa nyumba ulikuwa mukopo, siyo sadaka: ulilipwa na faida. Na faida ile njo ilifungua mulango kwa familia nyingine.

Tramu na magazini

Mwaka 1904 kampuni ya tramu ya Richmond iliamua kutenganisha watu: wazungu mbele, weusi nyuma. Maggie na gazeti lake waliunga mukono wale walioita watu weusi waache kabisa kupanda tramu. Watu walitembea kwa miguu, wafuaji na vikapo vyao, jua na mvua. Kampuni ile, ambayo tayari ilikuwa na madeni, ilifilisika mwaka ule ule. Lakini mwaka 1906 jimbo lilifanya utengano uwe sheria katika tramu zote. Walishinda kampuni, sheria ikawashinda. Maggie alijifunza kama feza inaweza kusukuma mambo, lakini bila kura mutu hafiki mbali.

Mwaka 1905 Chama kilifungua magazini kubwa katika barabara ya Broad, kati ya magazini ya wazungu: St. Luke Emporium. Wauzishaji walikuwa wasichana weusi, wamevaa vizuri, wakikaribisha watu. Mbele hata ifunguliwe, wafanyabiashara wazungu waliahidi kuinunua kwa feza mingi zaidi ya bei ili tu isifunguliwe. Maggie na wenzake walikataa. Kisha wazungu wale waliungana na kuandikia wale wanaouzisha kwa jumla, wasiwapatie wenye magazini ile vitu.

Hata hivyo haikuwa wazungu peke yao walioiua. Watu weusi wenyewe walipita mbele ya mulango wa Emporium na kwenda kununua pembeni, kwa yule aliyewadharau, juu bei ilikuwa chini kidogo ao juu ya kuzoea tu. Maggie aliwaambia waziwazi, zaidi wanaume, kama wanalisha simba inayowakula. Nyuma ya miaka kama sita ilibidi kufunga. Hiyo ilikuwa hasara kubwa na ya aibu, na hakuificha. Lakini angalia jambo moja: magazini ilipoanguka, haikuvuta banki nayo chini. Feza ya wafuaji ilibaki mahali pake.

Fundisho la mwaka 1910

Richmond ilikuwa na banki nyingine ya watu weusi, ya zamani na kubwa zaidi, banki ya chama cha True Reformers. Mwaka 1910 ilianguka. Ilikuwa imekopesha biashara za chama chenyewe bila garanti ya kutosha, na feza nyingine iliibiwa ndani. Watu walilia tena sawa 1874.

Nyuma yake serikali ya Virginia iliweka sheria na ukaguzi mukali. Banki na chama vilipaswa kutengana. Kuna waliosema ni mutego wa kuua banki za weusi, na hawakukosea kabisa kuwa na mashaka. Banki nyingi ndogo zilishindwa. Maggie alifanya yote iliyotakiwa: alitenganisha vitabu, alibadilisha jina, ikawa St. Luke Bank and Trust Company, na alifungulia wakaguzi milango. Hapa njo tunaona matunda ya zile saa alizoketi katika banki ya wengine kujifunza. Hakuomba huruma. Alionyesha hesabu, na hesabu ilikuwa sawa.

Usiku wa mwaka 1915

Wakati ule nyumba yake katika barabara ya Leigh, kartye ya Jackson Ward, ilikuwa kubwa: vyumba makumi mbili na munane, juu waliishi pale mama yake, watoto, wabibi ya watoto na wajukuu. Wengine walinung'unika kama kiongozi wa wamasikini iko na nyumba kubwa na motokari. Ni kweli alipata mali, na hakujifanya masikini. Lakini hakuna aliyeonyesha kama senti moja ya memba iliingia nyumbani kwake kwa njia ya giza.

Juni 1915 familia ilisikia kama mwizi anazunguka nyumba. Usiku, mutoto wake mukubwa, Russell, aliona mutu nyuma ya nyumba na kupiga bunduki. Mutu yule alikuwa baba yake, Armstead. Alikufa.

Russell alishitakiwa kwa kuua. Kwa miezi kazaa muji wote ulisema. Maggie alipoteza bwana, na alikuwa karibu kupoteza mutoto. Tribinali ilimwachilia Russell, lakini kijana hakupona rohoni, na alikufa mwaka 1923, angali na umri mudogo. Katika chama kulikuwa na watu walioona ile ni nafasi ya kumuondoa Maggie. Walisema jina lake limechafuka. Alienda mbele ya memba, alieleza kazi yake, na memba walimubakisha. Mutu aliyeweka mbele yao hesabu wazi miaka 16 hakuanguka juu ya masengenyo ya juma moja.

Feza ya kutoa

Maggie alitoa wakati wake na feza yake. Mwaka 1912 aliunda muungano wa wanawake weusi wa Richmond, uliokusanya feza kwa kazi za jamii, kati yake shule ya Janie Porter Barrett iliyopokea wasichana weusi waliokuwa na matatizo na sheria, ili wasitupwe ndani ya gereza pamoja na wakubwa. Mwaka 1917 alisaidia kuanzisha tawi la NAACP, shirika la kutetea haki za watu weusi, katika muji wake. Mwaka 1920, wanawake wa Marekani walipopata haki ya kupiga kura, alisukuma wanawake weusi waende kujiandikisha, ingawa walipangwa kwa mustari wao wa kungojea saa na saa. Mwaka 1921 yeye mwenyewe alisimama kwa uchaguzi wa mukubwa wa shule za jimbo lote. Hakuchaguliwa, na alijua hatachaguliwa, lakini jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura.

Kwake, kutoa haikuwa kazi ya kufanya nyuma ya kutajirika. Mushahara mudogo wa 1899, kazi aliyopatia wasichana, mukopo wa nyumba, kisanduku cha mutoto, vyote vilikuwa sehemu ya ile kazi moja. Katikati ya miaka ya 1920 chama kilikuwa na memba zaidi ya elfu makumi tano katika majimbo mengi.

Kuunganisha ili kuokoa

Mwili wake ulichoka. Mwaka 1907 alianguka na kuumia goti, halafu ugonjwa wa sukari ukamushika. Miaka yake ya mwisho alikaa kwenye kiti ya magurudumu. Alitengenezesha motokari ili kiti iweze kuingia, na aliweka mashini ya kupandisha mutu ndani ya nyumba yake. Kila siku alienda biro.

Mwaka 1929 mambo ya feza ya Marekani yalianguka. Kati ya 1930 na 1933 banki karibu elfu kenda zilifunga katika inchi ile. Banki ndogo ya watu weusi, ambao njo wa kwanza kufukuzwa kazi, ingesimama namna gani?

Maggie alichagua kitu kigumu kwa mutu aliyejenga kitu na mikono yake. Alikubali banki yake ipoteze jina. Kati ya 1930 na 1931 iliungana na banki zingine mbili za watu weusi za Richmond, zikawa moja: Consolidated Bank and Trust Company. Yeye alibaki mukubwa wa baraza, akaachia mwingine kiti cha prezida. Banki ile ilipita magumu yote, na iliendelea kuwa mikononi mwa watu weusi mupaka miaka ya 2000.

Alikufa tarehe 15 Desemba 1934. Watu maelfu walifika kumuzika. Leo nyumba yake inachungwa na serikali ya Marekani kama mahali pa kihistoria, na toka mwaka 2017 sanamu yake inasimama katika barabara ya Broad, karibu na mahali magazini yake ilipigwa vita.

Tubaki na nini?

Nilisomea mama yangu maisha haya kwa kumutafsiria, jikoni, akichambua sombe. Alisikiliza mupaka mwisho. Aliuliza kitu kimoja tu: kama yule mama alikuwa anaonyesha daftari. Nikamujibu ndiyo, kila mwaka, mbele ya wote. Akatikisa kichwa na kuendelea na sombe yake.

Nafikiri aliuliza swali la lazima. Viongozi wa vikundi vyetu vya akiba, koperative na likelemba, wengi wanasema wako na roho ya kusaidia. Inawezekana. Lakini Maggie Walker alionyesha roho yake kwa vitu vinavyohesabika: mushahara aliokubali, masomo aliyoenda kutafuta, magazini aliyofunga mbele ihatarishe akiba za watu, jina la banki aliloachilia. Wewe unayechunga feza ya wengine, hata kama ni mufuko wa wamama kumi wa avenue yako, wakikuuliza daftari leo, utaifungua?